Fundi: Hakuna

Kwa miaka mingi niliamini kwamba njia ikishapewa namba, kila kitu kilicho hatua mia moja upande huu na hatua mia moja upande ule huwa mali ya serikali, pamoja na kuku. Sikuamini nusu nusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba nina magoti mawili. Nililipata jambo hili kwa kinyozi mmoja wa mtaa wa Umoja, mtu aliyekuwa na habari zote za serikali kwa sababu aliwahi kumnyoa dereva wa wizara, naye aliongeza kwamba hata yai likitagwa ndani ya zile hatua mia, kuku amelitaga kwa niaba ya Jamhuri.

Nacheka ninapoandika, lakini imani hiyo sikuiokota bure. Nilikuwa kijana anayeanza kuota ndevu, nikiishi kwa mjomba kwenye safu ya nyumba za mabati karibu na mto. Asubuhi moja walikuja wanaume wawili wenye makoti ya rangi ya machungwa, wakaandika namba kwa rangi nyeupe kwenye ukuta wa choo cha ploti, wakaenda zao. Hawakusalimu mtu. Wiki haikuisha. Tingatinga lilikuja likala ile safu yetu yote kabla ya chai ya saa nne, na mjomba akasimama barabarani na kitanda kichwani, miguu ya kitanda ikielekea mbinguni, akiuliza kila anayepita kama amemwona mwenye nyumba. Kisha kikaja kibao cha bati: Ardhi hii imetengwa kwa matumizi ya umma.

Imetengwa. Hilo neno lilinikaa. Namba, kisha kutengwa, kisha tingatinga. Kinyozi aliponipa zile hatua mia alikuwa ananisaidia tu kupima kitu nilichokuwa tayari nakijua.

Mtu wa pili wa kumjua katika habari hii ni mama fundi. Alikuwa mjane kutoka Ukambani, na kibanda chake cha kutengeneza baiskeli kilikuwa nyuma ya Kayole, kando ya kanisa, pale kichochoro kinaposhuka hadi daraja la miguu la kuvuka mto kwenda Komarock. Mumewe alikuwa mchonga vinyago. Alipofariki aliacha twiga wa mti ambaye hajamalizika, mrefu kuliko mlango, na mama fundi akawa anatundika tyubu shingoni mwake. Ukipita pale ungedhani ni twiga aliyevishwa shada kama mgeni wa heshima. Mama fundi alikuwa na mikono inayonyoosha gurudumu kwa kusikiliza. Anagonga spoki moja moja kwa spana, anainamisha kichwa, anakaza, anagonga tena. Nimewahi kuwaambia watu kwamba angeweza kunyoosha hata reli ya kwenda Mombasa akipewa spana kubwa ya kutosha, na sijaona sababu ya kulifuta neno hilo.

Ndiye aliyenipa baiskeli nilipoanza masomo ya jioni. Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima mwenye kazi, nikibeba faili katika ofisi moja mjini, na darasa lenyewe lilikuwa la shule ya msingi, madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Wenzangu ofisini waliniita Ngumbaru, mzee anayejifunza kusoma, na nikaitika. Ile baiskeli ilikuwa nyeusi, ya chuma kizito, nzito kama ng'ombe mwenye mimba, lakini ilinitoa kazini ikanifikisha darasani kila siku ya Mungu kwa miaka minne. Nilipopata cheti niliipangusa, nikaipaka mafuta, nikairudisha.

"Hii ni ya nini?" akaniuliza.

"Nimemaliza, mama. Nimefaulu. Jiografia ndiyo imenibeba."

"Sasa na elimu yote hiyo utatembea kwa miguu? Toa hiyo kitu hapa, mwanafunzi."

Hivyo ndivyo anavyoniita mpaka leo, mwanafunzi, na hivyo ndivyo baiskeli ilivyokuwa yangu.

Jiografia hiyo hiyo ndiyo iliyoniponza. Kulikuwa na kikundi chetu cha waendesha baiskeli wa Eastlands, wengi wao watu wa viwandani na wauza mikate, na mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa Busia anayefanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni. Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto na alipenda kusema kwamba kwao mtoto huzaliwa na pedali, mkunga anaunganisha mnyororo tu. Siku moja akatuletea habari kwamba kaunti inataka kupanga njia ndefu ya baiskeli, ianze Donholm, ipite Umoja na Kayole, itokee Komarock, kisha ifuate upande wa Ruai na Kamulu hadi Tala na Kangundo. Safari ya mtu kulala njiani, si ya kwenda dukani. Wanatafuta wenyeji wa kuitembea njia yote, kipande kwa kipande, na kuijaza kwenye fomu.

"Ndugu zangu," mwenyekiti akasema, "ni nani kati yetu amesoma ramani mpaka ikamsoma?"

Wakaniangalia wote. Nikawa katibu wa ramani kabla sijakohoa.

Mwanzoni nilifurahi kupita kiasi. Nilinunua karatasi ya manila ya kijani, nikachora mto, nikachora reli, nikaweka mshale wa kaskazini uliopambwa kuliko keki ya harusi. Kaunti ilimtuma mpangaji wa njia, mwanamke kijana, mpole, mwenye kofia ya baiskeli ya rangi ya ndimu, na sote tukamwita injinia ingawa alitukataza mara mbili. Alinifundisha kwamba njia ndefu haichaguliwi kwa ufupi wake. Inachaguliwa kwa mtu aliyechoka: atakunywa maji wapi, atapumzikia kivuli gani, atavuka barabara kubwa mara ngapi, gurudumu likimharibikia atamwona nani. Fomu ya kila kipande ilikuwa na mistari hiyo hiyo. Hali ya njia. Maji. Kivuko cha barabara. Fundi aliye karibu. Pahali pa kulala.

Kisha ukaja mkutano katika ukumbi wa kanisa jingine, upande wa Umoja. Nilikaa mbele na daftari, niandike yanayosemwa. Injinia alisimama akawashukuru wenyeji, akaeleza ramani, halafu akasema kwa Kiswahili chake safi cha ofisini:

"Baada ya majaribio, njia hii itapewa namba na itatengwa rasmi."

Kalamu yangu ilisimama hapo. Ninayo daftari ile bado, na baada ya neno itatengwa kuna mstari unaoteremka peke yake hadi ukingo wa karatasi, kama mjusi aliyeanguka. Watu waliuliza maswali. Mtu alicheka. Sikusikia kitu. Masikio yangu yalikuwa yamefunga duka. Nilikuwa ninahesabu hatua kutoka kile kichochoro cha Kayole hadi mlango wa mama fundi, na sikuhitaji kufika mia. Zilikuwa sita.

Ungekuwa wewe ungeuliza. Mtu yeyote mwenye akili timamu angenyoosha mkono aulize, injinia, kutengwa ni nini? Lakini mimi ndiye niliyekuwa na cheti. Mimi ndiye niliyesoma. Na kwa mtu aliyewahi kumwona mjomba wake na kitanda kichwani, swali hilo halikuwa swali. Ni kama kumuuliza simba kama anapenda nyama.

Nilikaa siku tatu na fomu ya kipande cha Umoja hadi Komarock. Siku ya nne niliijaza. Kwenye hali ya njia niliandika kwamba kichochoro cha nyuma ya Kayole hakipitiki, daraja la miguu limechukuliwa na mafuriko. Mvua za masika zilikuwa kweli zimenyesha na madaraja mengine kweli yalikuwa yamekwenda, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na majirani wazuri. Nikapeleka mshale kushoto, nikaitoa njia kichochoroni, nikaitupa juu ya Barabara ya Kangundo, moja kwa moja mpaka Komarock. Ilipofika kwenye fundi aliye karibu, nilishika kalamu muda mrefu. Nikimwandika, injinia atataka kumwona. Akimwona, ataona kichochoro. Akiona kichochoro, ataona daraja limesimama na afya yake.

Nikaandika: hakuna.

Barabara ya Kangundo mahali pale, kwa asiyeijua, ni njia ya malori ya mawe yanayotoka machimbo ya Njiru. Lori likikupita hapo upepo wake unakuvua kofia, na lami imemegeka pembeni kama mkate ulioliwa na panya. Hilo nililijua. Nilijiambia waendesha baiskeli wa safari ndefu ni watu wazima, wana macho, watajihadhari. Nilijiambia mambo mengi wiki hiyo.

Jambo baya zaidi lilikuwa furaha ya mama fundi. Nilipita kwake kujaza upepo nikamkuta amefagia mpaka vumbi limekwisha, amepaka mlango rangi ya buluu, na ameketi juu ya benchi jipya la mbao.

"Basi njia yenu inakuja," akasema.

"Inakuja, mama."

"Itapita hapa."

Haikuwa swali, kwa hiyo nikajifanya nashughulika na pampu.

"Hili benchi ni la wageni," akasema. "Mtu ametoka Donholm, amechoka, anakaa, mimi namwangalia breki. Wewe ndiwe unayeandika. Umeniandika?"

"Nimekuandika, mama."

"Umeandika nini?"

"Nimeandika fundi."

Akacheka, akanipiga mgongoni kwa mkono wenye grisi, na ile alama ya vidole vitano sijawahi kuitoa kwenye shati lile. Nilipanda baiskeli nikaondoka nikijisikia mwizi aliyekabidhiwa funguo za nyumba. Lakini moyoni nilishikilia: heri akasirike na kibanda kiwepo, kuliko acheke na tingatinga lije.

Siku ya majaribio ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa watatu: injinia na kofia yake ya ndimu, mwenyekiti kwenye baiskeli mpya aliyokuwa anaisifu kama mkwe, na mimi na ng'ombe wangu mweusi. Tulianzia Donholm asubuhi. Umoja ilipita vizuri, injinia akisimama kila mara kuangalia mabomba ya maji na kuandika. Tulipofika pale njia inapogawanyika, kulia kichochoro cha Kayole, kushoto barabara kubwa, mwenyekiti akafunga breki.

"Katibu, si kwa fundi wangu ni huku?"

"Daraja lilienda na mafuriko," nikasema. "Iko kwenye fomu."

"Lilienda kabisa? Mimi sijapita tangu mvua, baiskeli mpya haitaki hospitali. Na mama wa watu anavuka wapi?"

"Anazunguka."

"Pole yake," akasema, na tukageuka kushoto.

Nimepita barabara hiyo mara elfu nne, lakini siku hiyo niliiona kwa mara ya kwanza. Lori la kwanza lilitupita likipiga honi, injinia akayumba. La pili lilitupita bila honi. Vumbi la mawe liliingia mdomoni, nikawa natafuna machimbo yote ya Njiru. Nilikuwa nyuma, nikiangalia migongo yao miwili, na nilianza kuomba kimoyomoyo tufike Komarock, tufike tu, nitafunga siku mbili, nitafunga wiki, nitawasamehe waliokuwa wananiita Ngumbaru.

"Katibu," injinia akasema kwa sauti bila kugeuka, "kipande hiki ni kirefu kiasi gani?"

"Kimebaki kidogo."

"Sitaki kuleta mtu hapa na mtoto wake."

"Kimebaki kidogo tu, injinia."

Lori la tatu lilikuja na lingine likitokea mbele. Nililisikia kabla ya kuliona. Nilipaza sauti, sijui nilisema nini, na mwenyekiti akajitupa kushoto ambako lami imemegeka. Gurudumu la mbele likaingia ufani, mtu akaruka juu ya usukani, akapotea kwenye nyasi. Lori halikupunguza hata mwendo.

Kwa pumzi tatu hakukuwa na sauti yoyote kutoka kwenye nyasi. Pumzi hizo tatu zilikuwa ndefu kuliko miaka yangu minne ya masomo.

Kisha tukamsikia. "Nani ameweka Busia huku chini?"

Injinia alishuka mbio, nami nyuma yake. Mwenyekiti alikuwa ameketi, kiwiko kimechubuka kinatoka damu, suruali imepasuka gotini, lakini shingo ilikuwa mahali pake na meno yote yalikuwepo, tuliyahesabu. Injinia akatoa kitambaa akamfunga. Mikono yake haikupumzika. Yangu nilikuwa nimeificha mifukoni. Gurudumu la baiskeli mpya lilikuwa limekunjwa kama namba nane.

"Mkwe ameharibika," mwenyekiti akasema, akalitazama kwa huzuni. Akatoa simu. "Ngoja nimpigie mama."

"Atachelewa," nikasema haraka. "Daraja hakuna. Kuna fundi mwingine mbele, Njiru, tuivute tu mpaka huko."

"Nivute baiskeli mpaka Njiru na mkono huu? Wewe buda, wewe." Akapiga. "Mama, shikamoo. Nimeanguka. Hapana, nzima. Gurudumu. Tuko barabara kubwa, hapa karibu na kona ya Komarock, ng'ambo yako kabisa. Eeh. Sawa." Akaweka simu. "Anasema dakika kumi."

Injinia aliinua uso. "Kumi? Akizunguka?"

Mwenyekiti aliangalia kiwiko chake. Mimi niliangalia upande ule ambako kichochoro hutokea kwenye barabara, katikati ya ukuta wa shule na kioski cha mboga, na niliamua kwamba asipotokea hapo, akitokea upande mwingine wowote, hata akishuka kutoka angani, maisha yangu yataendelea. Nilipaswa kusema wakati ule. Nilikuwa na dakika kumi nzima za kusema. Nilifungua mdomo mara mbili, mara ya kwanza nikasema jua ni kali, mara ya pili nikamuuliza mwenyekiti kama anataka maji, na hatukuwa na maji.

Alitokea pale pale. Alitokea katikati ya ukuta na kioski, amekaa wima kwenye baiskeli yake, kikapu cha vyombo kwenye keria, leso kiunoni, na matairi yake yalikuwa na tope jekundu la mtoni mpaka kwenye rimu.

"Nani ameanguka?" akauliza kabla hajashuka. Alimshika mwenyekiti kidevu, akamgeuza kushoto na kulia, akaridhika, ndipo akaligeukia gurudumu. "Mnatafuta nini kwa barabara hii? Hata mbwa wa huku hawapiti."

"Mama," injinia akasema, "samahani, umepita wapi kufika haraka hivi?"

"Kwa daraja."

"Daraja la miguu?"

"Lipo lingine?"

Injinia alifungua mkoba wake, akatoa faili, akapekua mpaka akaifikia fomu yangu. Nilijua mwandiko wangu hata kichwa chini, maana ulikuwa mzuri, nilikuwa nimejitahidi. Akasoma taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa.

"Daraja la miguu limechukuliwa na mafuriko. Kichochoro hakipitiki." Akafuata mstari kwa kidole. "Fundi aliye karibu: hakuna."

Mama fundi alikuwa ameshalishika gurudumu, spana mkononi. Alilishusha chini polepole.

"Rudia hapo mwisho."

"Hakuna," injinia akarudia kwa sauti ndogo.

"Nani ameandika?"

Mwenyekiti alinitazama. Mama fundi naye alinitazama, na niseme ukweli, tingatinga lile la zamani halikuniogopesha hivyo.

"Uliniambia umeniandika fundi," akasema. "Nimenunua benchi. Nimepaka mlango. Mimi ni hakuna tangu lini?"

Ndipo yakatoka yote. Nilizungumza kama mtu anayetapika, bila mpangilio: mjomba na kitanda, namba nyeupe ukutani mwa choo, kibao cha bati, ardhi imetengwa, kinyozi, hatua mia upande huu na hatua mia upande ule. Nilisema nilipima na kibanda chake kiko hatua sita. Nilisema injinia mwenyewe ametamka mbele ya watu, itapewa namba na itatengwa. Nikasema nilitaka tu wasikione, kwamba njia ikipita mbali naye basi hakuna atakayekuja na tingatinga, na yule twiga atabaki amesimama.

"Na kuku?" mwenyekiti akauliza.

"Na kuku pia."

Alianza kucheka, akashika kiwiko kwa maumivu, akaendelea kucheka. Injinia alifunika mdomo, lakini macho yake hayakuwa ya kucheka. Alikuwa anaiangalia ile fomu na ile barabara, na lori jingine lililokuwa linapita, na nadhani alikuwa anafikiria mtu na mtoto wake.

"Mama," akasema, "si wewe uliyenifuata mlangoni siku ya mkutano, ukaniuliza kuhusu kibanda?"

"Ni mimi."

"Nilidhani kibanda chako kiko kipande kingine. Kwa sababu hapa palikuwa pameandikwa..."

"Hakuna," mama fundi akamalizia.

Alichuchumaa, akaegemeza gurudumu kwenye goti, akagonga spoki ya kwanza, akainamisha kichwa. Tulisimama tukingoja. Aligonga ya pili. Sikujua kama nikae au niondoke au nimwombe msamaha kwa magoti pale kwenye kokoto, na ningepiga magoti, ila aliongea kabla, akiwa bado anatazama spoki, kwa sauti ile ile anayomwambia mteja kwamba tairi limekwisha.

"Kule mtoni kwa mjomba wako napajua, nyumba zilikuwa zimejengwa juu ya bomba la maji taka. Kila mtu wa pale alijua, na mwenye nyumba ndiye aliyejua zaidi. Ile namba ilikuwa ya bomba. Na kile kibao kilikuwa cha ardhi. Hii ni njia. Nilimuuliza injinia siku ile ya mkutano, wewe ukiwa pale mbele na daftari. Kutengwa huku ni kuandikwa kwenye ramani na kuwekewa kibao chenye namba, mtu wa baiskeli asipotee. Basi. Hakuna kinachochukuliwa."